Karatasi ya ukutani: shajara ya mradi, Mkuranga 2025

Jumatatu, 27 Januari

Barua pepe imeingia saa tatu na robo asubuhi, sentensi nne tu. Kazi zote zinazolipiwa na fedha za mradi zisimame, tusinunue kitu, tusisafiri, tusubiri maelekezo. Imetoka kwa shirika lililo juu yetu, nalo limeletewa na la juu yake. Chanzo ni amri aliyoisaini Rais Trump tarehe 20: misaada ya Marekani kwa nchi za nje isimame siku 90 ili ikaguliwe. Sisi watu wanane, kwenye nyumba ya kupanga Mkuranga mjini, ndio ncha ya mwisho ya kamba hiyo.

Kazi yetu ni vipando vya mihogo, yaani vipande vya shina vya kupandia. Vikundi 26 vya wakulima, kuanzia Vikindu hadi Kisiju, vinalea mashamba ya mbegu safi. Sisi tunawakutanisha na wakaguzi wa mbegu, na watafiti wa kilimo wa Kibaha, na wanunuzi. Masika yako mlangoni. Ukimwambia mkulima asubiri siku 90 umemwambia asubiri msimu mzima.

Shajara hii ilikuwa ianze leo hata bila barua hiyo. Mwezi Novemba tuliketi kwenye warsha, tukala vizuri, tukaupa mradi jina refu: kujenga ustahimilivu wa taasisi kwa mkakati, ubia na akili mnemba (AI). Leo ndiyo ilikuwa siku ya uzinduzi. Fedha za kujifunza kustahimili ukata zimesimamishwa pamoja na nyingine. Mwenyekiti wa bodi, mwalimu mstaafu, amecheka mpaka akavua miwani, kisha akasema tuendelee hivyo hivyo na mimi niandike.

30 Januari

Tumeutoa kabatini mpango mkakati wa 2023–2027. Kurasa 64. Ukurasa wa 51 una jedwali la vihatarishi, na mstari wa tatu unasema: "Kupungua kwa fedha za wafadhili. Uwezekano: wa kati. Athari: kubwa. Hatua: kuongeza vyanzo vya mapato." Nani aviongeze, lini, aanzie wapi, hakuna. Mstari huo niliuandika mimi. Nakumbuka hata siku yenyewe: ilikuwa saa kumi na moja jioni na nilikuwa nawahi daladala.

Mwalimu hakutaka kuujadili. Alitandika karatasi ya manila ukutani, akaandika juu kwa kalamu ya wino mzito: TUNATEGEMEA KIMOJA TU. Halafu akakaa. Kila mtu ataje kitu ambacho kikikatika hakuna cha kushikia.

Mpaka saa saba tulikuwa na hivi: mfadhili mmoja. Shamba mama moja, bondeni, ambalo vikundi vyote vinachukulia vipando. Mnunuzi mmoja mkubwa wa vipando, ambaye naye hulipwa na wafadhili. Kompyuta ya mhasibu, yenye orodha pekee ya wakulima na nywila anayoijua yeye peke yake. Gari moja. Laini moja ya intaneti.

Kinachoniuma ni kwamba mwaka jana tulipata mazoezi mawili ya bure. Aprili 2024 Rufiji ilifurika, mashamba ya Kibiti na Rufiji yakageuka bahari, na mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikafuata. Shamba mama letu lilisalimika kwa kudra tu. Kisha tarehe 12 Mei nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zikakatika pwani ya Afrika Kusini, mtandao ukayumba Afrika Mashariki nzima, na sisi tulikuwa na ripoti ya kutuma wiki hiyo. Tuliomba radhi, tukatuma ilipopatikana, tukasahau. Jedwali la ukurasa wa 51 halikuguswa.

14 Februari

Wenzetu watatu wameondoka leo. Mmoja alikuwa afisa ugani wetu bora. Hakuna la kuandika zaidi.

12 Machi

Juzi, tarehe 10, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Marco Rubio, alitangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID, shirika la misaada la Marekani, zimefutwa. Yetu imo.

Leo tumekutana na viongozi wa vikundi. Kwa kuwa ni Ramadhani tulikutana baada ya tarawehe, uani kwa mwenyekiti wa kikundi kimoja, kwa taa ya sola na kahawa na kashata. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu yenye maneno kama "mazingira ya ufadhili duniani". Mzee mmoja alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akauliza, "Mwanangu, kwani mihogo ilikuwa ya Marekani?"

Watu walicheka, lakini swali lilibaki palepale. Tukaanza kuchambua: kipi hasa kilikuwa kikilipwa na mradi ambacho kikundi hakiwezi kukilipa chenyewe? Kupanda wanapanda wenyewe. Ardhi ni yao. Kilicholipwa ni nauli ya mkaguzi, mafuta ya gari letu, posho za mafunzo, na mishahara yetu. Nauli ya mkaguzi vikundi vilisema vitachanga, ila vikapanga vikundi jirani vikaguliwe siku moja ili gharama igawanywe. Jambo hilo tulikuwa tunaweza kulifanya miaka mitatu iliyopita. Hakuna aliyelifikiria kwa sababu hapakuwa na haja.

Posho za mafunzo zilifutwa kwa dakika mbili, bila ubishi. Mishahara yetu hawakuigusa, na mimi sikuwakumbusha.

9 Aprili

Ubia. Faili letu lina hati tisa za makubaliano, zote zina picha ya watu wawili wakipeana mikono. Nilijipa kazi ya kupiga simu tisa. Namba tatu hazipatikani tena. Mmoja alidhani sisi ni taasisi nyingine ya jina linalofanana na letu. Wawili walisema nao wamepata barua kama yetu. Watatu waliobaki walikuwa tayari kuzungumza: ofisi ya kilimo ya halmashauri, mwenye kiwanda kidogo cha unga, na chama cha ushirika cha wakulima ambacho kazi yake kubwa ni korosho.

Na hao watatu hatukuandika hati mpya. Tuliandika ukurasa mmoja kila mmoja, kwa mkono, wenye swali moja: siku mambo yakiharibika, nani anafanya nini kabla ya jua kuzama? Kwa mfano chama cha ushirika kina ghala na kina watu wa kupakia, lakini kati ya Februari na Septemba ghala halina korosho. Sisi tuna vipando vinavyohitaji kivuli siku mbili tatu baada ya kukatwa. Mwenye kiwanda ana fuso linalorudi tupu kutoka Dar es Salaam. Hakuna aliyempa mwenzake fedha hata shilingi.

Halmashauri imetukumbusha kitu tulichokuwa tunakijua kwa mbali: mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, ambayo ilisimamishwa 2023 na kurejeshwa mwaka jana. Vikundi vyetu vya kina mama vina sifa zote. Vinachokosa ni kumbukumbu: mavuno, mauzo, orodha ya wanachama. Vyote hivyo viko kwenye kompyuta ya mhasibu. Au tuseme, tulidhani viko.

2 Mei

Shamba mama tumeligawa. Vipando vya Kiroba na Chereko tulivyokata bondeni vimepandwa sehemu tatu, mbali mbali, moja ikiwa juu ya mwinuko ambako maji hayafiki hata iweje.

Mafuriko ni sababu ndogo. Kubwa ni michirizi ya kahawia. Huu ni ugonjwa wa kwetu hasa: uliandikwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1936 kutokana na kazi ya watafiti wa Amani, Usambara, na ukanda wa pwani ndio nyumbani kwake. Batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo, unaiona kwa mbali, jani limejikunja na lina mabaka ya njano. Michirizi ni mjanja. Shina linasimama, majani yana njano kidogo ambayo mtu anaweza kusema ni uzee wa jani, halafu siku ya kuvuna unakata muhogo unakuta ndani umekauka na kuwa kahawia kama gome. Nzi weupe wanaueneza, lakini anayeusafirisha mbali ni binadamu mwenye mzigo wa vipando begani. Shamba mama moja likiambukizwa, vikundi 26 vinaambukizwa kwa hisani yetu.

Mwalimu amekata mstari mmoja kwenye karatasi ya manila. Amekata taratibu, kama anayesahihisha mtihani.

23 Mei

Sasa akili mnemba, ambayo kwenye andiko la mradi ilipaswa kuanza mwezi wa kwanza kwa kununuliwa leseni.

Tumechelewa kwa sababu orodha ya wakulima ilikuwa haifai kulishwa mashine yoyote. Mwanahamisi wa kikundi cha tatu ameandikwa Mwanaamisi kwenye malipo na M. Hamisi kwenye mafunzo, kwa hiyo tulikuwa tunaripoti watu watatu. Ukubwa wa mashamba umeandikwa mahali pengine kwa ekari na pengine kwa hekta, bila kusema ni ipi. Kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja, hekta inabeba mashina 10,000 na ekari kama 4,000, kwa hiyo kosa hilo linatosha kuleta fuso moja pale yalipohitajika mawili na nusu. Mhasibu na kijana wa mafunzo kwa vitendo wamekaa wiki mbili na madaftari ya vikundi, wakipiga simu jina kwa jina. Mashine haikusaidia chochote katika hilo, na kazi hiyo ndiyo iliyotufaa kuliko zote mwaka huu.

Pia tumesoma Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Tumekubaliana jina, namba ya simu na namba ya kitambulisho cha mkulima visipelekwe kwenye programu yoyote ya akili mnemba. Kila mkulima amepewa namba ya ndani. Funguo ya namba hizo iko kwenye daftari, na daftari liko kabatini.

17 Juni

Kazi ya kwanza ya kweli: viongozi wa vikundi wanatutumia ujumbe wa sauti WhatsApp, kila mmoja kwa wakati wake, wengine dakika saba mfululizo na kuku wanawika nyuma. Zamani afisa ugani aliyeondoka ndiye aliyesikiliza zote. Sasa programu inazigeuza maandishi, nyingine inafupisha, na sisi tunasoma ukurasa mmoja kila Jumatatu.

Ukurasa wa kwanza ulisema kero kuu ya wakulima wa Kimanzichana ni bata. Bata wameingia mashambani, bata wameongezeka tangu mvua zianze, wakulima wanaomba dawa ya bata. Tulikaribia kumpigia simu ofisa mifugo. Kijana wa mafunzo akarudia sauti yenyewe: batobato.

Ukurasa wa pili ulisema kikao kiko saa 8 usiku. Kiongozi alikuwa amesema saa mbili asubuhi. Mashine ikaipeleka kwenye saa ya Kizungu, ikairudisha, ikapotea njiani. Kwa mtu wa pwani hili ni la kuchekesha, ila ratiba ya mkaguzi ilikuwa tayari imechapishwa.

Tumetengeneza kikamusi cha ukurasa mmoja, kinachotangulia kila kazi tunayoipa: batobato ni ugonjwa, michirizi ni ugonjwa, saa zote ni za Kiswahili, pingili na kipando ni kitu kimoja, usibadilishe ekari. Tangu hapo makosa yamepungua sana. Hata hivyo kila Jumatatu mtu mmoja anachagua sauti tatu bila mpango na kuzisikiliza mwanzo hadi mwisho kwa masikio yake.

1 Julai

Leo USAID yenyewe imefunga kazi zake baada ya karibu miaka 64, kilichobaki kimehamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Tulikuwa shambani. Niliiona habari jioni.

22 Julai

Maombi ya fedha. La kwanza tuliiachia mashine iandike, sisi tukarekebisha majina. Lilitoka laini kama uji wa mgonjwa, halina ladha, kila aya ina "kuwawezesha" na "kwa namna endelevu". Limekataliwa, na ningekuwa mimi ningelikataa pia.

La pili tuliandika sisi usiku mbili, kwa Kiswahili, tukianza na ile michango ya nauli ya mkaguzi, orodha iliyosafishwa, na hesabu ya vipando vilivyosafiri kwa fuso linalorudi tupu. Mashine ikapewa kazi mbili tu: kutafsiri, na kutuuliza maswali kumi ambayo mtoa fedha mkorofi angeuliza. Swali la saba lilikuwa zuri kiasi cha kuniudhi: "Mkipata fedha hizi, mtaacha kuchanga nauli?" Tulibishana saa nzima, tukaandika jibu. Fedha ni kidogo, za miezi kumi, lakini zimekubaliwa.

13 Agosti

Nuru ni jambo jingine kabisa, na watu hulichanganya na hili la kuandika. Hii ni programu ya PlantVillage ya kutambua magonjwa ya muhogo kwa kamera ya simu. Inafanya kazi bila mtandao, na inaongea Kiswahili. Utafiti uliochapishwa 2020 uliipima: kwa jani moja ilipatia asilimia 65, wakati maafisa ugani walipatia kati ya 40 na 58, na wakulima kati ya 18 na 31. Ukipima majani sita ya shina moja inafika kati ya 74 na 88.

Nimeisoma hesabu hiyo kwa viongozi wa vikundi bila kuipamba, pamoja na upande wake wa pili: hata kwa majani sita, kuna mashina itakayokosea. Mama mmoja wa Kisiju alisema basi yeye atapima majani sita, halafu atang'oa shina moja la pembeni akate muhogo aone. Huo ndio utaratibu tulioupitisha. Simu mbili za kikundi, majani sita, na panga.

5 Novemba

Mtandao ulizimwa nchini tangu siku ya uchaguzi, 29 Oktoba, na umeanza kurudi juzi. Siku hizo kulikuwa na mambo mazito kuliko vipando, na shajara ya mradi si mahali pa kuyaandika. Naandika ya kazi tu.

Vuli imeanza, na oda za vipando ndiyo zilikuwa zinaingia. Kilichofanya kazi: orodha ya wakulima, kwa sababu tunaichapa kila mwisho wa mwezi na nakala moja inakaa kwenye chama cha ushirika. Nuru ilifanya kazi. Zile kurasa tatu za mkono zilifanya kazi. Mwenye kiwanda alipeleka mzigo Vikindu bila sisi kumwomba, kwa sababu karatasi yake ilisema hivyo. Vikundi viwili viligawana vipando kwa kwenda kwa baiskeli.

Kilichokwama ni sisi, ofisi. Muhtasari wa Jumatatu haukuwepo, na ndipo nilipogundua kwamba tangu Agosti hakuna aliyekuwa akisikiliza zile sauti tatu. Tulijiamini. Rasimu za mikataba ya msimu zilikuwa kwenye akaunti isiyofunguka. Kikamusi chetu, ambacho mtu angedhani ni karatasi, kilikuwa humo humo. Kijana wa mafunzo, ambaye ndiye anayejua maelekezo yote tunayoipa mashine, alikuwa kwao na hapatikani.

Jana Mwalimu ameongeza mistari miwili chini ya karatasi ya manila, palipokuwa pamebaki nafasi ndogo: "akaunti ya akili mnemba" na "kijana". Tuling'oa nguzo moja moja tangu Januari, kumbe huku nyuma tunachimbia mpya.

21 Novemba

Kikamusi na maelekezo yote yamechapwa, kurasa nne, yapo kabatini na kwenye simu nne. Mhasibu na kijana wamebadilishana kazi kwa wiki mbili; mhasibu amelalamika, kisha akaboresha maelekezo mawili. Tunajaribu programu ndogo ya kugeuza sauti kuwa maandishi inayokaa kwenye kompyuta yenyewe. Ni nzito, inachukua nusu saa kwa sauti ya dakika saba, na bado inasikia bata. Sauti tatu za Jumatatu zimerudi, zamu imebandikwa na majina.

Vikundi vinne vya kina mama vimewasilisha maombi ya mkopo wa halmashauri, kila kimoja na kumbukumbu zake za miaka miwili. Majibu bado.

Jioni nilipokuwa nafunga ofisi nikaona mstari mpya kwenye karatasi, kwa mwandiko wa Mwalimu, umebanwa pembeni kwa sababu chini pamejaa. Ni jina langu. Nimempigia kumuuliza. Amejibu kwamba amehesabu: mwaka huu simu zote tisa nilipiga mimi, maombi yote mawili nilisimamia mimi, na shajara hii hakuna mwingine aliyewahi kuandika hata mstari.

Naanza likizo ya wiki tatu Jumatatu. Simu ya kazi naiacha ofisini ikiwa imezimwa, funguo ya kabati nimempa mhasibu, na daftari hili liko juu ya meza ya kijana.

24 Novemba

Mimi ndiye kijana. Leo sauti zimekuwa kumi na nne, tatu nimezisikiliza mwenyewe. Mkaguzi anakuja Alhamisi saa mbili asubuhi. Asubuhi kweli, nimempigia kuhakikisha.